Upande wa Kushoto wa Picha

Kwenye picha kubwa ya sebuleni kulikuwa na kiwiko kisicho na mwenyewe. Kilichomoza kwenye ukingo wa fremu, upande wa kushoto, kikaingia ndani kwa upana wa vidole vitatu, basi. Hakikufuatwa na bega wala shingo wala uso. Wageni wengi hawakukiona. Mwenye kiwiko alikiona kila alipokwenda jikoni na kila alipotoka, na kwa muda mrefu hakuona kitu kingine katika sebule ile.

Watoto wa nyumba walimwita Shangazi, na kwa kuwa watoto ndio waliokuwa wakiita ovyo mchana kutwa, jina lilimganda. Majirani walimwita Shangazi, muuza maji alimwita Shangazi, hata msoma mita wa umeme aliyepita mara moja aliondoka akisema asante, Shangazi. Hakuwa mtu wa kupendwa upesi. Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye vidole vilivyokomaa kwa joto, na ulimi ambao wifi yake alisema ungefaa kufungiwa kabatini pamoja na visu.

Kazi yake ilikuwa kupiga pasi katika duka la dobi, mtaa wa pili kutoka nyumbani. Wengine walifua, yeye alinyoosha. Alianza na kola, akaja mabegani, kisha mikono, mwisho kifua na mgongo, na shati lilipotoka mezani pake lilisimama kama lina mtu ndani. Kazi hiyo humweka mtu kutwa nzima mbele ya miili ya watu wasiokuwepo. Shangazi aliwajua wateja kwa mashati yao kuliko kwa sura: huyu analala vibaya, yule ameanza kukonda, huyu mkewe ameacha kumshonea vifungo. Jioni alirudi nyumbani na kuanza upya, kwa sababu mashati ya mdogo wake wa kiume, bwana wa nyumba, hayakuguswa na mkono mwingine. Hakuna aliyemwamuru. Alianza siku moja, na siku hiyo haikuisha.

Nyumba yenyewe aliijenga baba yao, chumba baada ya chumba, kila alipopata kitu mkononi. Baba alipofariki, mama alibaki katika chumba cha mbele, chenye dirisha la barabarani. Shangazi wakati huo alikuwa kwa mumewe. Ndoa ilikwenda ilivyokwenda, akarudi na sanduku moja, akakuta mdogo wake ameoa na vyumba vimejaa watoto. Wakamtolea magunia katika stoo ya uani, wakaitia chokaa, wakamwambia akae hapo kwa muda. Muda huo ulizeekea humo. Mama naye alipofariki, chumba cha mbele kilipakwa rangi, kikawekewa mapazia mapya na kufungwa kwa ufunguo, kikaitwa chumba cha wageni. Mgeni kwa kawaida alikuwa mmoja: mama mzazi wa wifi yake.

Huyo wifi alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke mfupi mwenye sauti ya ubaoni, iliyozoea kufika dawati la nyuma. Yeye na Shangazi walichukiana kwa adabu kubwa. Hawakuwahi kutukanana bila kutanguliza "wifi yangu." Wifi yangu, chumvi umeimwaga au imejimwaga? Wifi yangu, chumvi ni kama wanafunzi wako, ukiiacha peke yake inafanya inavyotaka. Watoto walikua katikati ya maneno hayo kama watoto wengine wanavyokua karibu na reli. Waliacha kuyasikia.

Picha ilipigwa siku mama wa wifi alipotolewa hospitali. Walimweka kwenye kiti uani, upande wa kulia kabisa, shali mabegani, na wote wakajipanga kumfuata. Jirani alishika simu ya binti mkubwa wa nyumba, mwanafunzi wa chuo, akarudi nyuma hadi ukutani ili wote waingie. Shangazi alifika mwisho, akitoka jikoni na mikono imelowa, akasimama penye nafasi, na nafasi ilikuwa kushoto kabisa. Mdogo wake alimgeukia akamwambia neno. Shangazi akacheka. Simu ikalia, picha ikapigwa.

Wiki chache baadaye fremu ikaja kutoka studio, kubwa kama meza ya chai, kioo kinang'aa. Rangi zilikuwa safi. Ngozi zilikuwa laini kama za watu waliolala vizuri maisha yao yote. Kila mtu alikuwemo: mgonjwa kwenye kiti, wifi, watoto wao, mchumba wa kijana wao wa kwanza, na bwana wa nyumba mwenyewe, uso umegeukia kushoto, akitabasamu mbele ya kile kiwiko.

Shangazi aliitazama mpaka chai ikapoa mkononi. Kisha akauliza, kwa upole uliowafanya watoto wanyamaze, kama kuna mtu aliyewaagiza studio wamtoe. Wifi alijibu kwamba mashine ndiyo iliyokata. Karatasi ilikuwa fupi, picha ndefu.

"Mashine imenijuaje?" Shangazi akauliza.

"Haikujui, wifi yangu. Ingekujua ingekukata na kiwiko."

Mdogo wake alikuwa akifunga kamba za viatu. Alizifunga kwa muda mrefu.

Kwa mtu mwingine jambo hilo lingeishia hapo, picha ni picha. Lakini Shangazi alikuwa na sababu ya kuogopa. Kijana wa kwanza wa nyumba alikuwa anaoa, na mara mbili, akipita nyuma ya dirisha la jikoni, alikuwa amesikia chumba cha uani kikitajwa, sauti zikashuka. Yeye mwenyewe hakutajwa. Ilikuwa kana kwamba wanazungumzia stoo ambayo magunia yake yangehamishwa. Sasa akaona picha ile kama taarifa iliyobandikwa ukutani kabla ya kutamkwa. Alifikiri hivi: wifi ananizoesha. Anaanza na ukuta, atamalizia na mlango. Na aliamini kwamba ikifika siku hiyo, mdogo wake, damu yake, atasimama upande wake. Kwa hiyo vita vyake vilikuwa na adui mmoja.

Akamfuata yule binti wa chuo, akamwomba amwonyeshe picha kama ilivyotoka kwenye simu. Binti akaifungua. Shangazi alikuwa mle ndani, mzima kuanzia kandambili hadi kilemba, mdomo wazi, macho yamefumba kwa kicheko. Hakuwa ameuona uso wake huo kwa miaka. Akamwambia binti amtumie.

"Utaisafisha wapi, Shangazi? Studio ni ile ile."

"Studio wana mkasi. Nitaisafisha mwenyewe."

Akanunua printa. Alitoa akiba yake, akaenda dukani katika jengo la ghorofa, akarudi na boksi kichwani. Wifi alilitazama likipita uani akauliza kama dobi sasa wanafua kwa umeme wa aina hiyo. Shangazi akasema ndiyo, na tunaanza na wenye roho chafu.

Kilichofuata kilikuwa adhabu. Printa ile ilikuwa na vichupa vinne vya wino, na kila kimoja kilikuwa na matakwa yake. Karatasi ya kwanza ilitoka na mistari myeupe iliyopita kwenye nyuso kama nondo za dirisha, na binti akaeleza kwamba vitundu vya wino vimeziba, yafaa visafishwe kwanza. Mashine ikajisafisha kwa kunywa wino wa kutosha picha kadhaa. Karatasi ya pili Shangazi aliiweka upande usiong'aa. Wino haukukauka, na alipoipapasa kwa kidole, mama wa wifi yake akatoweka kwa mfuto mmoja, shali na kiti, na kusema kweli Shangazi alisita kidogo kabla ya kuitupa. Ya tatu ilitoka vizuri mpaka nusu, kisha rangi ya waridi ikaisha, na familia nzima kuanzia kiunoni kwenda chini ikawa ya kijani kama imesimama kwenye kinamasi.

Ya nne ndiyo iliyokubali. Rangi zilikuwa nzito na nyuso zilikuwa zimeiva kupita kiasi, lakini hakuna aliyekosekana. Kasoro moja tu: karatasi ilikuwa na unyevu na ilijikunja pembeni kama jani. Shangazi akaiangalia kwa macho ya kazi yake. Maisha yake yote, kitu kilichojikunja alikitendea jambo moja. Akawasha pasi, akaupunguza moto wake, akaupima karibu na mkono, akatandika kitambaa cha pamba juu ya picha kama anavyotandika juu ya hariri, akapiga.

Kwanza ilinyooka. Alihisi chini ya mkono jinsi inavyotii. Kisha ikaja harufu ambayo hakuwahi kuikuta kwenye nguo yoyote, na alipoinua kitambaa, ule mng'ao wa karatasi uliinuka nacho kama ngozi ya maziwa, na nyuso zote zikahamia kwenye pamba, zimegeuka kinyumenyume, kila mmoja wao akimtazama kutoka upande usio wake.

Binti alicheka mpaka akakaa chini. Wifi, aliyevutwa na harufu, alisimama mlangoni pa uani, akaichunguza pasi, akakichunguza kitambaa.

"Wifi yangu," akasema, "hata sisi unatupiga pasi?"

Siku nyingine Shangazi angejibu. Siku hiyo alizima umeme, akakikunja kitambaa kwa utaratibu, akaenda kukitupa. Kesho yake alipotoka kazini alinunua wino mwingine.

Mwishoni alipata picha ya kutundika. Ilikuwa ndogo, ya karatasi ya kawaida ya ofisi kwa ukubwa, na mashine ilikuwa imeacha ukanda mweupe kuizunguka. Ndani ya weupe huo wote walikuwepo, wamebanana, wana rangi ya watu wanaoumwa ini. Akaitia kwenye fremu ya plastiki, akapigilia msumari chini kabisa ya ile kubwa, akaitundika. Picha ya studio ilikuwa nzuri na pungufu, ya kwake mbaya na kamili. Zilikaa hivyo juu na chini, kama mashahidi wawili wa kesi moja wasiosema sawa.

Haikumaliza hata siku mbili. Aliporudi kutoka kazini aliikuta kitandani kwake, kifudifudi, na msumari juu yake. Akairudisha ukutani. Ikarudi kitandani. Wifi alisema mbele ya wote kwamba hana ugomvi na mtu, ila wageni wanaingia mle ndani, na picha ile inawafanya waonekane ukoo wa maiti. Shangazi akasema bora maiti mwenye mwili mzima. Mdogo wake alikuwa akila. Aliwaomba wote wawili wamwachie angalau chakula kimoja cha amani, akasema nyumba inamchosha kuliko ghala, maana alikuwa msimamizi wa ghala la vipuri na huko, alisema, vitu hukaa vilipowekwa.

Shangazi alimhurumia. Usiku ule alinyoosha mashati yake yote ya wiki.

Lakini aliona kwamba kwa printa ile hataweza kushinda. Ukuta ulikuwa unataka picha kubwa, na mashine yake ilijua ukubwa mmoja tu. Siku ya mapumziko yake akavaa gauni lake la kutokea, akachukua simu yenye picha, akaenda kulekule studio, akiwa amepanga maneno mawili matatu ya kumwachia fundi kabla hajamlipa.

Studio ilikuwa chumba kirefu chenye taa kali, kuta zimejaa maharusi na watoto wachanga. Fundi alikuwa mwanamume mnene, miwani imefungwa kwa kamba shingoni. Aliifungua picha kwenye kompyuta, akaguna.

"Hii naifahamu. Ilinipa kazi."

Shangazi akamwambia hakuona kazi yoyote, aliona mkasi. Fundi hakukasirika. Alikuwa amezoea watu waliokuja na hasira, na huwa anawajibu kwa kuwaonyesha. Akamgeuzia kioo cha kompyuta. Picha ya simu, alieleza, ndefu kama benchi. Karatasi yake ya fremu kubwa inakaribia mraba. Akaleta kisanduku juu ya picha, mistari minne myembamba, akakisogeza kulia, akakisogeza kushoto. Kilichokuwa ndani ya kisanduku kilibaki na rangi, kilichokuwa nje kikafifia kuwa kijivu. Akikisogeza kulia, bibi wa kwenye kiti alikuwemo na mama wa kushoto alififia. Akikirudisha kushoto, mama alipata rangi, na bibi akakatika katikati ya pua.

"Lazima mmoja aende," fundi akasema. "Mimi sikati mtu kwa akili yangu, watu wa siku hizi wana kesi. Namkalisha mwenye picha hapo ulipo, namwonyesha, anachagua."

Shangazi alihisi furaha ya mtu aliyeshika mwizi mkono. Akauliza, bila haraka, huyo mwanamke alikuwa anasemaje alipokuwa anachagua.

"Mwanamke gani?"

"Mfupi. Ana sauti."

"Hakuwa mwanamke. Alikuwa huyu." Fundi akaweka kidole juu ya kioo, juu ya uso wa mdogo wake.

Akamwambia aangalie vizuri. Fundi akaangalia vizuri. Hakuwa na shaka. Alimkumbuka kwa sababu alikaa pale na shati jeupe lililonyooka kupita kiasi, mstari wa mkono kama umechorwa kwa rula, mpaka yeye fundi akaona haya na la kwake.

Nje pikipiki ilipita na kioo cha mlango kikatetemeka. Shangazi aliujua mstari ule. Aliujua na siku aliyoupiga.

"Alisema nini?"

"Mama, mimi nauza picha."

"Alisema nini?"

Fundi akavua miwani. "Nilimwambia upande huu kuna mtu, tena anacheka vizuri. Akasema kata tu. Huyo ni wa nyumbani, hatasema kitu."

Alipokwisha kusema akatazama kioo, akamtazama mteja wake, akatazama tena kioo. Uso ukamshuka. Akaanza kueleza upesi kwamba kuna njia, angeweza kuweka ukanda mweupe juu na chini, picha ikaingia yote bila kukata mtu, yule bwana hakuuliza ndiyo maana hakumwambia, na kama atataka atamtengenezea sasa hivi, wala asilipe. Shangazi akamwambia asitengeneze kitu. Maneno yale mawili matatu aliyoyapanga alitoka nayo kama alivyoingia nayo.

Hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alipita mbele ya duka la dobi lililofungwa, akasimama kidogo kwenye kivuli cha paa lake. Chuki aliyokuwa nayo kwa wifi yake alikuwa ameilea vizuri, aliijua tabia yake, alijua inalala saa ngapi na inaamka na nini. Hii mpya haikuwa na pa kushikwa. Ingekuwa rahisi kama mdogo wake angesema simtaki. Mtu anayekuchukia angalau amekuona. Huyu alimtazama kwenye kioo cha fundi, mzima, anacheka kwa neno alilomwambia yeye mwenyewe, akapima nani ataleta maneno na nani hataleta, akasogeza kisanduku. Alimfanyia anavyofanya na vipuri. Kisicho na haraka ya kuharibika hukaa nyuma.

Aliwakuta sebuleni, mume na mke. Wifi alikuwa anasahihisha madaftari, mdogo wake anasikiliza redio kwa sauti ndogo. Shangazi alikaa kwenye kiti ambacho hakuwahi kukikalia, kile kinachotazama mlango.

"Nimetoka studio," akasema.

Wifi akaweka kalamu chini. Hakumtazama Shangazi. Alimtazama mumewe.

"Haya. Mwambie sasa. Miezi yote natukanwa mimi."

Mdogo wake akazima redio. Akasema ile ilikuwa picha tu. Akasema mama mkwe alikuwa katoka hospitali, angewezaje kumkata mgonjwa, tena mgeni, angeuliza, ndugu zake wangeuliza, ingekuwa kikao. Akasema alikuwa na haraka, fundi alikuwa anamsubiri. Akasema alijua dada yake ataelewa.

"Nilimwambia airudishe," wifi akasema. "Siku ileile. Akaniambia nisikuze mambo, hutasema kitu. Nikasema basi, shauri yenu. Nikaona utanisema mimi, na kweli ukanisema mimi."

"Na wewe ukakubali?"

"Ningemuuza mume wangu kwako, wifi yangu? Kwako wewe?"

Shangazi alitikisa kichwa. Hapo alimwelewa. Kisha akamgeukia mdogo wake, na sauti yake ilikuwa ya chini, na wote wawili wangependa zaidi kama angepiga kelele.

"Unakumbuka ulichoniambia siku ile, mpaka nikacheka?"

Alifikiri. Hakukumbuka.

"Ulisema natembea kama baba."

Mdogo wake akaangalia mikono yake.

"Na chumba cha uani," Shangazi akaendelea. "Hilo nalo mlikuwa mnanisubiri nisiseme kitu?"

Habari ikatoka, kwa vipande, kama mtu anayetoa miba. Kijana anaoa na hana pa kuanzia. Walikuwa wamemtafutia Shangazi chumba, si mbali, karibu kabisa na kazini kwake, asingehitaji hata kutembea. Wao wangekilipia. Walitaka kumwambia baada ya sherehe, ili asiharibu furaha ya watu. Chumba kina dirisha kubwa kuliko la stoo. Alipofika kwenye dirisha mdogo wake alikatiza, maana aliyasikia maneno yake mwenyewe.

"Mpeni bwana harusi chumba cha uani," Shangazi akasema. "Sina neno. Ni mtoto wangu. Mimi nahamia chumba cha mbele."

"Dada, kile ni cha wageni."

"Baba hakujenga chumba cha wageni. Nilimchotea maji ya kuchanganyia saruji ya kuta hizi, wewe ukiwa mgongoni kwa mama, unalia. Sikuwahi kumsikia akisema, mwanangu, tujengee wageni. Mmenipa stoo, nikanyamaza, nikaona mna watoto. Watoto wamekua. Umesema mimi ni wa nyumbani, au fundi amekusingizia?"

Mdogo wake akageuza kitufe cha redio iliyozimwa.

"Basi nimekuja kukaa nyumbani."

Mdogo wake aligeuka kumtazama mkewe, kama alivyozoea, amsemee. Wifi alikuwa amechukua daftari jingine. Alisahihisha hesabu moja, mbili. Kisha akauliza, bila kuinua kichwa, na mama yangu akija atalala wapi.

"Kitanda chake kipo mlemle, sikitoi. Changu kitakaa upande wa dirisha. Mwambie tu nakoroma."

"Naye anakoroma."

"Tutaona nani atamshinda mwenzake."

Wifi akafungua mkoba, akatoa fungu la funguo, akahangaika na pete yake mpaka ufunguo mmoja ukatoka. Akauweka juu ya meza, katikati, si karibu na Shangazi wala mbali naye.

"Usidhani tumepatana," akasema.

"Nani amesema?"

"Na lile limashine lako usilichomeke pamoja na friji. Linazima umeme wa nyumba nzima."

"Friji ndiyo mbovu."

Mdogo wake aliwatazama wanawake hao wawili, na kwa mara ya kwanza katika nyumba ile alionekana kama mtu aliyeingia mlango usio wake. Alisema suala hili lingojee kesho, wakae, wazungumze vizuri, pengine waite na watu wazima wa ukoo. Shangazi alikuwa ameshasimama. Watu wazima wa ukoo, akamwambia, ni mimi, na kesho naingia kazini asubuhi.

Kitanda chake kilikuwa cha mbao, cha zamani, kizito kuliko kilivyoonekana. Walikisimamisha kwa ubavu, yeye akashika miguuni, mdogo wake kichwani, wakakitoa uani, wakakipitisha jikoni, mdogo wake akitembea kinyumenyume asiangalie aendako. Kwenye kona ya ukumbi kilikwama. Mguu mmoja uliingia katikati ya fremu ya mlango na ukuta, ukakwangua rangi mpaka saruji ikaonekana, ya kijivu, kavu. Wifi alisikika kutoka sebuleni akiwaambia wapinde. Walikuwa wameshapinda.

Mdogo wake akaegemeza upande wake sakafuni. Alikuwa anahema. Akasema wapumzike kidogo, kisha akasema kwamba hakuwa na nia mbaya, Mungu anajua. Alimsubiri aseme lolote, hata tusi.

Shangazi aliutazama ule mguu uliokwama, akapima, akabadilisha mshiko wa mkono wa kushoto.

"Inua," akamwambia. "Juu zaidi. Upande wako ndio unaokwamisha."